Nimeujua mguu wa mashoto, nimwambie mdogo wangu?

Shangazi mshauri, shikamoo, unisamehe kwanza mwandiko, vidole vyangu vina mafuta ya kutolea gundi na ni gundi hiyohiyo iliyonileta kwako. Mimi ni msafishaji wa ukumbi wa michezo, na wiki hii tumepokea mashindano ya mpira wa mikono ya timu za taifa za wanaume, nchi nane, na kama hujawahi kuuona mchezo huu ujue wachezaji wanajipaka gundi vidoleni ili mpira ushike, wengine wanabandika donge pembeni ya kiatu wawe wanachota humo wakiwa uwanjani, sasa wakimaliza wao wanakwenda kuoga na sisi tunapiga magoti kuondoa madoa sakafuni, doa mojamoja, kwa kitambaa na mafuta.

Mdogo wangu wa kiume ni kipa wa timu yetu, lakini si yule kipa mnayemwona muda wote, yeye ni wa penalti tu, anakaa benchi, ikitokea penalti ya mita saba anaingia mbio, anapigiwa mpira mmoja, anarudi kukaa, na tangu mashindano yaanze ameingia mara kumi na moja na zote kumi na moja zimetinga wavuni, kocha amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba fainali ya Jumapili ikipita hivihivi asihangaike kurudi kambini, na huo mchezo ndio umeula ujana wake wote.

Fainali tunacheza na timu ambayo mpiga penalti wake ni mashoto. Sasa siku ya tatu, nikisafisha mstari wa mita saba baada ya mazoezi yao, nikaona nyayo za gundi, zote za mguu wa kulia ambao mashoto hutanguliza, kiatu kilekile, ila nyingine zimenyooka kuelekea golini na nyingine zimepindia nje, nikajiuliza, mtu mmoja, mguu mmoja, kwa nini asimame namna mbili, na swali hilo likanishika mpaka asubuhi yake nikatia chumvi kwenye chai. Nikaomba zamu ya kukaa nyuma ya goli na dekio wakati wa mazoezi yao ya milango iliyofungwa, maana jasho likidondoka lazima mtu afute, na mtu mwenye dekio, Shangazi, huwa haonekani, hata kocha wao alinipita akitaja mipango yake kama vile mimi ni nguzo. Nikahesabu mipira arobaini. Kwenye penalti mguu wa mbele hauruhusiwi kuinuka mpaka mpira utoke mkononi, kwa hiyo hawezi kuuficha, ukinyooka mpira unakwenda juu, ukipinda unakwenda chini, yote arobaini, nikataka kucheka peke yangu, na nasema kweli sikufurahi kwa ajili ya mdogo wangu, nilifurahi kwa kuwa nimejua.

Juzi akanipigia, akauliza, "Dada, yule mashoto si huwa mnamwona mazoezini? Anapigaje?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Tatizo ni kwamba tulisaini karatasi kuwa tunachokiona milango ikifungwa hakitoki nje, na tena kwenye fomu ya kazi kulikuwa na swali kama nina ndugu kwenye timu yoyote, nikaandika hapana, maana wenye ndugu walikuwa wanapelekwa vyooni na mimi nilitaka kuwa karibu na uwanja. Sasa nauliza, kitu nilichokisugua kwa mikono yangu mwenyewe ni siri ya nani? Nimwambie?

Msafishaji wa ukumbi

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Hebu nianze na hili: siri ya namna hiyo unaiandikia gazeti? Barua yako ilifika Alhamisi na sisi tunatoka Ijumaa. Ningekuwa mvivu wa kusoma, nchi nzima ingekuwa inaukodolea macho mguu wa yule kijana. Bahati uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia siku ileile, na haya ninayoyachapisha leo, fainali ikiwa imeshapita, ndiyo niliyokuambia.

Una jicho, sikunyimi sifa yako. Ila usimwambie. Madoa ni kazi yako na hakuna wa kukulaumu kwa kuyaona, lakini ile zamu ya nyuma ya goli uliiomba mwenyewe, ukakaa pale na dekio huku unapeleleza. Usimwambie hata kwa kuzungukazunguka, maana ukisema "tazama miguu" tu umeshamaliza kila kitu.

Kosa lako zito ni lile neno hapana kwenye fomu. Leo hii, kabla hujabadilisha nguo, mwendee msimamizi, mwambie yule kipa ni mdogo wako wa tumbo moja, mwombe akutoe uwanjani mpaka Jumapili ipite. Akikupeleka vyooni, nenda. Kisha mpigie mdogo wako, mwambie mashoto ulimwona na hutasema, kwa kuwa ulisaini. Atanuna. Mwache anune. Najua unaona unamtosa, na mimi mwenyewe roho iliniuma nilipokata simu.

Sasa nikiri. Jumapili nilikaa mbele ya runinga nikitazama kiatu cha mtu. Penalti ya kwanza mguu ulinyooka, mpira ukaenda juu, mdogo wako akajitupa chini. Ya pili ukapinda, yeye akaruka juu, nikaupiga mto ngumi. Ya tatu, zikiwa zimebaki dakika nne, ukapinda tena, naye akashuka na kuuzuia mpira kwa unyayo. Tulifungwa kwa bao moja, lakini nilimwona kocha akimkumbatia na kumnong'oneza kitu, na tangu juzi tunajua jina lake limo kwenye kambi ijayo.

Jana msafishaji wangu alinipigia. Vyoo alivisafisha siku tatu, kibarua hakikuota nyasi. Anasema baada ya fainali mdogo wake alimkimbilia kwenye korido, jasho linamtiririka, akamshika mabega. "Dada, nimegundua kitu pale uwanjani. Uliuona mguu wake?"

Akamjibu, "Mguu upi?"

Basi kijana akavua kiatu, akamweleza nusu saa nzima, akipinda na kunyoosha mguu sakafuni, na dada mtu akasikiliza kama hajui lolote. Sasa anauliza kama amwambie kwamba alijua zamani, kwa kuwa ni mimi niliyemkazania aseme ukweli.

Hapana, mwanangu. Ya fomu ulipaswa kusema. Hili la mguu, kijana amelipata mwenyewe, kwa macho yake, mbele ya watu, na usimpunguzie hata chembe. Atakusimulia tena mwakani, na mwaka utakaofuata, na kila mara wewe muulize mguu upi.