Risasi tisa, karatasi nzima

Samy, nimepiga risasi tisa kwa mita mia na hakuna hata moja iliyogusa karatasi ya shabaha. Tisa, Samy!

Unajua tulivyokuwa tunafanya. Weye unachungulia ndani ya mtutu kwa nyuma mpaka uone alama nyeupe ya karatasi, unasema "iko katikati," unakaza mikono juu ya bunduki isisogee. Minye nageuza skrubu za lunette, ile darubini ya juu ya bunduki, mpaka msalaba wake ufike kwenye alama ileile. Ndipo tunajaribu risasi.

Tangu uende Kolwezi hakuna wa kushika. Leo nimechungulia mwenyewe. Nilipoinuka kuchukua bisibisi, tumbo liligusa meza na bunduki ikahama. Sikurudi kuangalia ndani ya mtutu. Nilisema "iko katikati" kwa sauti, hakuna aliyenisikia, nikaendelea.

Kwenye risasi ya tano patron Georges, bosi wa shamba, akaja kusimama nyuma yangu: "Papa Kabamba, unaihurumia ile karatasi?"

Nikasema ni upepo. Upepo! Hata jani halikutikisika.

Baada ya risasi ya tisa akauliza: "Uliangalia na nani?"

"Minye peke yangu."

"Batu babili, Papa: mmoja anashika, mwingine anageuza. Ni weye ulinifundisha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Imenigharimu risasi tisa, na bunduki sasa iko kwa Rolly, kijana aliyekuwa anafungua geti. Miaka kumi na tatu nimelinda mahindi ya shamba hili dhidi ya nguruwe mwitu. Kuanzia kesho geti nafungua minye.