Mtumbwi Nilioziba Mwenyewe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kiseke tu wazima. Goti la bibi yako limepona, ila likisikia habari za kuosha vyombo linauma upya.

Unaniuliza woga wa kumchoma mgonjwa sindano utaisha lini, maana bado uko mafunzoni.

Mimi nilijifunza kuunda mitumbwi kule Pasiansi, kwa Fundi Bwire. Kazi yangu ilikuwa kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta. Sheria yake ilikuwa moja: mtumbwi ukishushwa ziwani mara ya kwanza, aliyeuziba anaupanda. Na mimi kuogelea sijui hadi leo.

Mtumbwi wangu wa kwanza tuliupanda mimi na Fundi, maana upande mmoja niliuziba mimi na wa pili yeye. Tulipofika kwenye kina nikahisi ubaridi nyayoni.

"Fundi, maji yanaingia!"

"Hilo jasho lako, kijana. Tulia."

Alicheka, lakini nikaona ameshavua viatu na shati, na kiganja chake kinapapasa kila ungio la mbao, hata upande aliouziba mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tuliporudi nchi kavu nikamuuliza, "Kumbe na wewe unaogopa?"

"Kila mtumbwi. Siku nikiacha, usipande na mimi."

Kwa hiyo utaisha lini, sijui. Ila yule mwenzako uliyesema anachoma sindano huku anaongea na simu, simtaki. Nikilazwa, nichome wewe. Nitafumba macho.

Babu yako,
asiyependa sindano.