Taa Zinazowaka Kwenye Picha Tu

Mpendwa Shangazi Mwanamize,

Kabla hujasoma zaidi nakusihi, neno hata moja lisitoke nje, wala usinitafute jina, naomba msaada. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Garsen, kwa mkataba unaoisha mwezi ujao, na hivi majuzi mkubwa wangu, Bwana Philemon, alinituma usiku nikapige picha za taa mpya za barabarani ziambatanishwe na ripoti ya mradi, nami nikaenda nikakuta nguzo kumi na mbili zimesimama wima na hakuna hata taa moja inayowaka, lakini kwa kuwa nilitumwa picha, sikutumwa maoni, niliegemea nguzo ya tatu ili mkono usitetemeke, nikaiweka simu kwenye hali ya usiku, nikabana pumzi sekunde sita, na simu ikakusanya mwezi na kila pikipiki iliyopita, ikatoa mtaa unaong'aa kama saa sita mchana.

"Kijana, una mkono!" akasema Bwana Philemon, akaibandika picha ukutani.

Wiki jana Mama Jumwa, anayeuza viazi karai karibu na nguzo hiyo hiyo, alitumbukia mtaroni gizani na karai lake la mafuta ya moto, akaungua mguu, akaja ofisini akichechemea kulalamika, na mkubwa akamwonyesha ukuta: "Mama, mtaro si huu unaonekana? Ulikuwa umefumba macho?"

Mama Jumwa akaitazama picha, akasema, "Basi mwanangu, nionyeshe mlango nihamie humo."

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka, Shangazi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ijumaa natakiwa kutia sahihi kwamba nilishuhudia taa zikiwaka. Nisipotia, mkataba hauongezwi; nikitia, nitamtazama vipi mama yule?

Tafadhali usinipigie simu. Jibu lifunge kwenye gazeti, limfikie Mama Jumwa baada ya saa moja jioni, aambiwe amtunzie mteja asiyetaka pilipili, nami nitalichukua kwake. Atakayelileta aje na tochi.

Karani mwenye hofu, Garsen

*

Mwanangu,

Majina nimeyabadilisha, sasa pumua. Pole, mkataba mfupi humfanya mtu mfupi pia. Lakini simu usiilaumu, ilifanya kazi iliyotengenezewa. Mwenye macho pale barabarani ulikuwa wewe, na ulipocheka ulimsukuma mama yule mtaroni mara ya pili.

Usitie sahihi. Leo usiku rudi kwenye nguzo ile ile, uegemee vile vile, uzime hali ya usiku, upige tena. Itatoka nyeusi, usiirekebishe. Iambatanishe na ile ya kwanza, andika tarehe, saa na ulichokiona kwa macho yako, uipeleke ofisini na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri unajua unapokaa, wewe ni karani. Huenda ukaikosa kazi, sitakudanganya. Kisha nenda kwa Mama Jumwa umwambie mwenyewe aliyepiga picha ile ni nani, na viazi vyake ule na pilipili.

Barua ya kumwandikia mkubwa wako isikusumbue, umeshaianza. Mimi umeniambia atakayekuja kwenye taa zenu kumi na mbili aje na tochi. Yeye mwalike saa mbili usiku, nguzo ya tatu, karibu na mtaro. Mwambie aje bila tochi.