Roketi Imenenepa, Injini Ni Ileile

Shangazi Rosebella mpendwa, naomba msaada wako, lakini kwanza nakusihi usimsomee mtu yeyote maneno haya, hata mumeo, hata wenzako hapo gazetini, kwa sababu nikijulikana sina kazi tena wala sina wa kunipokea hapa Kampala.

Mimi ni karani wa shule moja upande wa Kansanga, nimetoka Kenya, na Jumamosi hii wazazi wakija kutembelea watoto tutarusha roketi ndogo ya karatasi ngumu, iliyotengenezwa na wanafunzi wa mwalimu wetu wa fizikia, Anselme, Mkongomani mpole anayengoja mkataba wake, naye aliipima ikiwa tupu, gramu themanini, nami nikaagiza injini kwa uzito huo, ila baadaye kila darasa likataka kuchangia chake kama tunavyofanya kwa kila kitu hapa shuleni, hawa wakapaka rangi mara tatu, wale wakabandika beji ya bati, wengine maua ya plastiki, na mkurugenzi akaleta bendera yenye kijiti chake. Juzi niliiweka tena kwenye mizani ya maabara, injini na mwavuli wa kuishusha vikiwa ndani, nikaona gramu mia moja na tisini, na pakiti ya injini inasema isizidi mia moja na kumi na tatu.

Nilipomwambia mkurugenzi alinicheka mbele ya walimu: “Nyabo, bibi karani, injini ni injini! Kwani roketi inajua imepakwa rangi?” Kisha akaamuru tufunge injini mbili pamoja kwa seloteipu. Anselme akanivuta kando, akaniita dada kwa lugha ya kwao: “Yaya, nyamaza tu. Ukisema tena, watasema Mkongomani hajui kazi.” Nimenyamaza, Shangazi, lakini watoto wa chekechea watakaa kwenye mikeka mbele kabisa, na kila nikifumba macho naiona ile roketi ikiinuka polepole, ikilala ubavu, ikiwafuata. Nipoteze kazi, au niendelee kunyamaza?

Usipige simu ya shule. Mwachie jibu Annick anayesuka nywele nyuma ya soko la Wandegeya, mwambie ni la dada wa miwani, naye hatauliza.

*

Binti yangu, pole. Barua yako haitatoka gazetini. Jibu hili analo Annick peke yake.

Kazi yangu ni ndoa na wakwe, kwa hiyo nimemuuliza mzee Wanyama, anayerusha roketi hizi, bila kutaja shule. Hakucheka. Anasema injini huchaguliwa kwa uzito wa roketi siku ya kuruka, ikiwa imevaa kila kitu, na msukumo uwe angalau mara tano ya uzito huo. Ikiwa dhaifu, roketi hutoka kwenye chuma kinachoiongoza ikiinuka kabla haijapata kasi, ikapinda, na mwavuli hufunguka imeshafika chini. Hizo mbili za seloteipu ndizo mbaya zaidi: moja ikiwaka na nyingine ikikataa, inakwenda popote.

Sasa nikukemee. Uliisoma namba, ukaielewa, ukaikalia! Unamhurumia Anselme, sawa, lakini mtoto akiumia atashikwa nani? Mkurugenzi? Atashikwa huyo huyo Anselme, na wewe nyuma yake. Kazi nyingine utatafuta. Jicho la mtoto utalitafuta wapi?

Kesho asubuhi nendeni wawili, wewe na Anselme. Wekeni roketi kwenye mizani juu ya meza ya mkurugenzi, pakiti kando, asome mwenyewe. Msimwaibishe, mpeni njia. Beji, maua na bendera vitoke, ipimwe upya, irushwe ikiwa tu imeshuka chini ya uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Au itafutwe injini kubwa inayobeba uzito ule na kukaa sawasawa mahali pake. Isipopatikana, roketi isimame mezani, wazazi wapige picha.

Akikataa yote, injini uliziagiza wewe: zitoe, zifungie kabatini. Akidai ufunguo, mwambie aandike kwa mkono wake kwamba ameuona uzito na bado anataka kurusha. Hataandika. Na akiandika, Jumamosi wahamishe watoto mbali wewe mwenyewe, mkeka kwa mkeka, wazazi wakikutazama.