Pikipiki ya Mchangani Imegoma Mpakani

Muaither, Jumamosi

Leo nimevuka kuingia Saudia na ile pikipiki ya magurudumu manne ya bosi nyuma ya gari, askari wakanipigia saluti. Uongo mtupu. Haikuvuka hata gurudumu moja.

Kosa ni la domo langu. Bosi aliniuliza kama usajili wa hapa Qatar utakubalika upande wa pili. Mimi mtu wa Busia, nimezoea bodaboda za Kenya kuingia Uganda na kurudi, nikamwambia, "Baba, majirani hawasumbuani." Akaniamini!

Askari akasema, "Hajji, hii imesajiliwa kwa mchanga wenu, si wetu."

"Mchanga ni uleule," nikamjibu. "Upepo unauvusha kila siku bila namba."

Hakucheka. Nikageuza gari na mzigo wangu.

Bosi alikuwa ametangulia na wanawe kwenye kambi ya jangwani huko Saudia. Kwenye simu alisema tu, "Rudi nyumbani, tutaongea kesho." Nikifukuzwa na mvi hizi, nani ataniajiri tena? Sina la kufanya, sina hata...

Ngoja, yuko Wafula, mpishi wetu. Wafula, ulipounguza wali wa wageni nilimwambia bosi kosa ni langu, ni mimi niliyekuita nje. Basi kesho ni zamu yako: bosi akifika, mpe kahawa kwanza apoe, ndipo uniite.