Shibiri ya Yaya Caritas

Jabe, Bujumbura, tarehe 2 Machi 2024

Yaya Caritas,

Nisamehe kwanza, dada yangu mukubwa, ndipo usome. Tangu muhamie Gitega miezi mitano imepita na mi sikukuandikia hata mustari mumoja. Si kusahau. Kila nikishika kalamu, ama Loïc analia, ama nasinzia mudomo wazi. Sisi tuko, Mungu anatushika. Na nyinyi, baridi ya huko imewazoea? Mugongo wa bwana wako umepona?

Jumamosi zetu za useremala zimekufa. Nikipita Mutanga Nord naangalia ile parsele yako, nyumba na ua wake, nasikia kama musumeno bado unalia ndani na we unatukemea: "Usisukume! Acha meno yafanye kazi!" Etajeri ya vyombo uliyonifundisha kufunga ukutani jikoni haijasogea hata unywele. Shemeji yako Sylvère alijining'iniza juu yake kuijaribu; aliyetua chini ni yeye.

Sasa shida. Loïc atatimiza miaka mitatu mwezi wa sita, na mugongo wake bado haumubebi. Namulisha amelala mukononi, chakula kinapita njia mbaya, na kwa sababu hiyo kifua kimemulaza hospitali mara mbili. Kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu wamesema ni lazima ale akiwa wima, kwenye kiti kinachomushika kila upande. Viti vyao ni viwili na watoto ni wengi. Yaya, nataka kukitengeneza mwenyewe. Mbao za palette, zile za kubebea mizigo, ninazo. Nichoree.

Mudogo wako,
Nsimire


Gitega, tarehe 10 Machi 2024

Mama Loïc, mudogo wangu,

Yampaye inka, ee Mungu wangu! Nilisoma barua yako nimesimama mulangoni, maziwa yakamwagika jikoni. Baridi tumeizoea, mugongo wa muzee unauma akiona jembe tu. Mupe Loïc busu la shavu la kushoto, lile lenye shimo.

Umefanya vizuri kuandika. Picha za simu sikutumii: kwenye picha kila kiti kimenyooka. Mchoro huu Arnaud wa basi atakupa mukononi. Pa kukalia, kwenda ndani: shibiri moja na vidole vitatu. Upana: shibiri moja na kidole. Mugongo: shibiri mbili. Mbele weka kigingi katikati ya miguu, asiteleze. Misumari apana, inalegea mutoto akijitupa. Tumia vis, zile za kukazwa kwa kuzungusha, na kole nyeupe ya kugandisha mbao. Kila kona isugue mpaka uipitishe kwenye shavu lako bila kuogopa.

Kati yenu wote pale uani, we ndiye ulikuwa na subira. Mwenzako Khadidja alikuwa anakuja kwa ajili ya chai.

Yaya wako,
Caritas


Jabe, tarehe 21 Aprili 2024

Yaya,

Salamu, na poleni na mvua. Hapa imeingia mpaka chini ya kitanda.

Kiti nilikimaliza. Jumamosi sita, Loïc akiwa mugongoni, natoboa huku anavuta nywele. Kilikuwa kizuri, Yaya, nakuapia. Sylvère alikizunguka kama mutu anayenunua ng'ombe. Tukamukalisha Loïc. Akakwama! Makalio hayakuingia hata nusu, mbao zikamubana, akalia mpaka majirani wakaja. Nilimutoa nikakaa chini, nikalia na mi.

Khadidja akachukua mchoro wako, akatandaza mukono wake juu ya kiti, akaniangalia. "Mama Loïc, ulipima na nini?"

"Na shibiri. Si imeandikwa?"

"Shibiri ya nani?"

Nikatazama mukono wangu. Yaya, unaujua, glovu za watoto zinanitosha. Uani kwako tulikuwa tunapima kwa mukono wako, uko pale, tunauita tu: "Yaya, leta shibiri!" Hata siku moja sikuwaza kwamba imehamia Gitega pamoja na we.

Juzi amekohoa tena. Sijui kama nina nguvu ya kuanza upya.

Mudogo wako,
Nsimire


Gitega, tarehe 28 Aprili 2024

Mudogo wangu,

Loïc anapumuaje leo? Nijibu hilo kwanza.

Kosa ni langu. Baba alinifundisha kwa mukono wake, na mi nikawafundisha kwa wangu, kama vile dunia nzima ina mukono mumoja. Kwa Arnaud kuna kijiti cha mukaratusi: urefu wake ni shibiri yangu, na alama za vidole nimezikata kwa kisu.

Lakini nimefikiria. Umechoka, acha. Kuna fundi hapa, hodari. Wiki moja tu, kiti kinashuka na basi kikiwa tayari. Usione haya.

Yaya wako,
Caritas


Jabe, tarehe 23 Juni 2024

Yaya wangu,

Najua umenuna. Nilimutuma Arnaud akuambie "fundi apana", bila maelezo, halafu kimya karibu miezi miwili. Loïc anapumua vizuri, ndiyo maana leo nina mikono miwili ya kuandika.

Fundi wako sikumukataa kwa kiburi. Mutoto huyu anakua. Mwaka kesho kiti kitakuwa kidogo, na mwaka utakaofuata pia. Kila mara nitasubiri basi? Mi ndiye mama yake, ni lazima nijue kukitengeneza.

Kijiti chako kimefika, nimekitundika juu ya etajeri, sirudishi. Lakini sikupima nacho. Nilimulaza Loïc kwenye mukeka, nikachukua fito zangu: moja toka makalio mpaka goti, moja toka goti mpaka kisigino, moja ya upana wa nyonga na vidole viwili vya kupumua. Shibiri yako ni ya ajabu, Yaya, ila haijawahi kumubeba. Vingine vyote ni vyako: kigingi, vis, kona za kupitisha shavuni. Nilizipitisha zote.

Ameketi. Alitazama meza kwa juu, kitu hajawahi kukiona, akapiga ubao kwa kiganja kama hakimu. Amekula uji wote bila kukohoa. Wiki tatu sasa. Kwenye kituo mama wawili wameniuliza nani fundi. Nikasema anakaa Gitega, ana mukono mukubwa.

Kwa hiyo nitumie, Arnaud anapita Alhamisi:

Vis fupi ishirini, za kichwa bapa.
Kole nyeupe, kopo moja dogo.
Karatasi ya kusugulia, ile laini, vipande vinne.
Mukanda wa begi la zamani, wenye kifungo, wa kumufunga Loïc kitini. Wa kwanza umejaa uji.
Na kijiko cha mbao kama kile ulichomuchongea Khadidja, ila mupini uwe munene, mufupi, wa kushikwa na ngumi ndogo. Changu ananinyang'anya.

Mudogo wako,
Nsimire