Pete Iliyoshonwa Kwenye Pindo la Pazia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kupotea kwa pete ya dhahabu ya marehemu mama
Jina: limeandikwa kwenye jalada
Umri: miaka 47
Kazi: mkutubi wa chuo kikuu
Makazi: nyumba ya marehemu mama, ghorofa ya pili, ninakoishi na dada yangu mkubwa
Yamechukuliwa: tarehe 18 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Tangu juzi jioni ninashindana na swali moja: je, mtu anaweza kuapa kwamba alisikia jambo, ikiwa alipolisikia hakulijali, na amelikumbuka baada tu ya kuambiwa kwamba ni muhimu? Naomba swali hilo liandikwe kabla ya mengine, kwa sababu yote nitakayosema yanapita hapo.

Sebuleni kwetu kuna dirisha kubwa lenye pazia la mahameli la vipande viwili, rangi ya zambarau. Mama alilishona mwenyewe. Tangu afariki, miezi saba iliyopita, halikuwa limefuliwa. Dada alitaka fundi wa mapazia aitwe. Mimi nilisema tufue nyumbani, kwa maji ya baridi na sabuni laini, kama nilivyosoma.

Dada akaniambia, "Profesa, pazia halifuliwi kwa kusoma." Mimi si profesa, hilo ni jina lake la kunichokoza tangu tukiwa wadogo.

Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukagawana: kipande kimoja kwa fundi, kimoja kwangu, tuone nani atanyamaza.

Mnamo tarehe 11 Machi, siku ya Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, fundi alifika. Tulipomweleza mpango wetu alicheka mpaka akaegemea mlango. Alisema, "Dada zangu, hawa ni mapacha. Mmoja mnanipa mimi, mwingine mnampeleka kwa mama wa kambo. Mkiwakutanisha tena dirishani msije mkanililia."

Dada alimjibu, "Huyo mama wa kambo ndiye huyu, ana shahada mbili."

Kisha dada alikwenda jikoni kupokea simu, akafunga mlango. Sebuleni tulibaki fundi na mimi. Akachukua kipande kilichokuwa juu ya kochi na kuanza kukifumua pindo la chini, lote, mshono kwa mshono. Nilimuuliza kwa nini. Alieleza kwamba mapazia mazito huwekewa vyuma pindoni ili yaning'inie vizuri, na vyuma hivyo vikilowa huacha kutu. Kwa hiyo yeye huvitoa kwanza, na huvitoa mbele ya mwenye nyumba, hafumui chochote karakanani kwake.

Alitoa vyuma viwili bapa vilivyofungwa kwenye vitambaa. Akavifungua, akaviweka kwenye kiganja changu. Kisha akaligeuza pindo nje ndani, akalikung'uta juu ya meza ya kioo. Lilidondosha vumbi na mjusi mkavu mdogo.

Akasema, "Umeona mwenyewe. Shahidi wangu ni wewe, dada."

Nilidhani ni mzaha wa kazi yake. Nilitabasamu.

Siku hiyohiyo, kati ya saa tano na saa saba mchana, nilifua kipande changu bafuni. Kulabu kumi na mbili nilikuwa nimezitoa na kuziweka kwenye kikombe. Pindo sikulifumua. Niliona kwamba mahali pamoja, karibu na kona, mshono ulikuwa umeachia, upana wa vidole viwili. Nilipochomoa kizibo maji yakaanza kushuka, na nilisikia kitu kidogo kikigonga ndani ya bomba, mara moja tu. Nikajiambia ni kulabu. Baadaye nikahesabu kulabu kwenye kikombe: zilikuwa kumi na mbili. Sikujiuliza zaidi.

Pazia lilipokauka, Alhamisi alasiri, niliishona ile sehemu iliyoachia. Nilitumia uzi wa kahawia kutoka kwenye kopo la mama, uleule aliokuwa akiutumia yeye. Mimi ni mtu wa kuziba nyufa. Kitabu kikilegea ukurasa siwezi kukiacha.

Fundi alirudisha kipande chake Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, kikiwa kimeshonwa pindo upya kwa uzi mweupe. Tukavitundika. Changu kilikuwa kimepungua vidole vinne na rangi imefifia.  Dada alisimama mbele ya dirisha, mikono kiunoni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu tarehe 16, saa kumi jioni, mama mdogo alikuja kututembelea. Alilitazama pazia, akauliza, "Na ile pete ya dada yangu, mama yenu, mliitoa kabla ya kufua?" Hatukujua habari yoyote ya pete. Akatueleza kwamba vidole vya mama vilipokonda, pete ilikuwa ikimdondoka, akaishona kwenye pindo la pazia ili ibaki kwetu sisi. Kipande kipi, hakuambiwa.

Tulifumua vipande vyote viwili palepale sakafuni. Hakikuonekana kitu zaidi ya vyuma. Dada akaushika uzi mweupe na uzi wa kahawia, akasema, "Pindo hili la uzi wa kahawia halijaguswa tangu mama alishone. Hili la uzi mweupe limefumuliwa. Mnataka niambiwe nini tena?"

Mimi ndiye niliyejua kwamba lile la kahawia lilikuwa limeguswa. Nilinyamaza. Jana tarehe 17, saa tatu asubuhi, fundi alichukuliwa na polisi karakanani kwake. Dada alipokuwa hapa akiandikisha maelezo, nilimwita fundi bomba afungue kona ya bomba la bafu. Alitoa nywele na kipande cha sabuni. Pete haikuwamo. Alisema maji ya siku sita yanaweza kusukuma kitu kidogo mbali sana.

Sikunyamaza kwa kutomjua mwenye kosa. Nilinyamaza kwa sababu kama pete haikuwa kwenye kipande cha fundi, basi ilikuwa kwenye changu, na mimi ndiye niliyeipoteza na kisha nikashona tundu ilikopitia.

Ninalolithibitisha ni hili: kipande alichoondoka nacho fundi kilikuwa kitupu, nilikiona kikikung'utwa. Nisiloweza kulithibitisha ni mahali pete ilipo. Huenda ilidondoka kupitia ule mwanya kabla mama hajafariki. Huenda mama mdogo anakumbuka pazia jingine. Mshono ambao ungetuonyesha niliufunga kwa mkono wangu, tena kwa uzi wa mama, na sasa tumeufumua wote. Dada bado hajui kwamba nimekuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho, na moja nililolisikia.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi alisomewa maelezo yake, akaomba "nilisikia" ibadilishwe iwe "nadhani nilisikia". Baada ya dakika chache aliomba irudishwe kama ilivyokuwa. Ametia sahihi pembeni mara mbili. Fundi ameachiwa saa sita na robo. Shahidi alimsubiri nje, kwenye benchi.